Chiriku Mpole wa Bi Subiri

Katika hospitali kuu ya mji ule, mtu aliyesikika zaidi kuliko mganga mkuu hakuwahi kuonekana na wengi waliomsikia. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya chini, kati ya stoo ya mashuka na ngazi ya dharura, hedifoni kichwani, mbele yake ubao wa simu wenye laini thelathini na sita. Kila aliyepiga namba kuu ya hospitali alimpata yeye, na kila aliyempata aliambiwa maneno yale yale: "Subiri kidogo, nakuunganisha." Baada ya miaka ishirini na sita ya kusema hivyo, jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Wengine wote, kuanzia madaktari mpaka wafagizi, walimwita Bi Subiri.

Kazi ile ilimpa vitu viwili. Cha kwanza ni masikio. Aliweza kumtambua mke wa daktari wa mifupa kabla hajatamka neno, kwa namna alivyovuta pumzi kama mtu anayejiandaa kugomba. Aliwajua waliopiga wakiwa wamesimama na waliopiga wakiwa wamelala. Cha pili ni kuzichoka sauti za watu. Akirudi nyumbani hakuwasha redio. Redio alikuwa nayo, na kila Jumamosi aliifuta vumbi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, ameachiwa na mama yake. Waliishi humo wawili mpaka mama alipofariki, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo kiti cha mama kilibaki kimeelekea dirishani, na Bi Subiri alikizunguka kila alipopita, kama vile kuna miguu ya kukwepa.

Mdogo wake hakuipenda hali hiyo. Huyu mdogo alikuwa fundi cherehani, maarufu kwa kubadilisha zipu ambazo mafundi wengine walishazikatia tamaa, na wateja walimwita Mama Zipu. Zipu ya mdomo wake mwenyewe haikuwahi kufungwa. Aliweza kuzungumza akiwa na pini sita kati ya meno, na ukamwelewa.

"Dada," alisema Jumapili moja, "humu ndani mtu akifa atajulikana kwa harufu."

"Nani atakufa?"

"Si uko peke yako? Atakuwa nani mwingine? Fuga kitu. Fuga hata paka."

"Paka anaingia jikoni."

"Basi tafuta mume."

"Naye ataingia jikoni."

"Wa siku hizi anaingia kula tu, usiogope. Haya, ndege. Ndege anakaa ndani ya tundu lake, hakuulizi ulikuwa wapi, hakuombi nauli. Nakupa mwezi mmoja, dada. Mwezi ukiisha hujafuga kitu, nakuletea mwanangu wa pili aje kuishi hapa, na unamjua mdomo wake."

Bi Subiri alimjua. Mtoto yule alikuwa ameurithi mdomo wa mama yake na kuuongezea. Akalitafakari jambo la ndege kwa wiki tatu, maana hakuwa mtu wa kukurupuka, na Jumamosi ya nne akaenda dukani.

Duka la ndege lilikuwa chumba kirefu chembamba nyuma ya soko, na kelele zake zilimpokea kuanzia kona ya barabara. Matundu yalipangwa ukuta mzima mpaka darini. Muuza ndege alikuwa mwanamume mkondefu, miwani yake imefungwa uzi mahali pa skrubu.

"Karibu mama. Unataka wa kuimba, wa kupendeza, au wa kutaga?"

"Wa kukaa."

"Wote wanakaa, mama."

"Wa kukaa kimya."

Muuza ndege akavua miwani, akaifuta. Alikuwa amefanya biashara hiyo kwa miaka kumi na minane. Wateja walishamwomba ndege wa kutukana majirani, ndege wa kuzuia wezi, na mmoja aliwahi kutaka ndege wa rangi ya makochi yake. Wa kimya hakuwahi kuombwa.

"Mama, hili duka la chiriku. Mtu akimsema mwenzake ana domo, si anamwita chiriku? Watu wakitaka kimya wanafuga samaki."

"Na yule?"

Bi Subiri alikuwa akionyesha tundu la chini, pembeni. Ndani yake alikaa chiriku mmoja wa manjano iliyopauka, peke yake kwenye kijiti, ametutumua manyoya mpaka akawa mviringo kama donge la uzi. Macho yalikuwa nusu wazi. Wenzake wote waliruka, waligombana, walimwaga mbegu na kupigana vikumbo. Yeye alitulia kama mtu aliye kwenye foleni na anaijua namba yake.

"Yule ni mpole," alisema muuza ndege.

"Anaimba?"

"Ni dume, alikuwa anaimba. Mwezi uliopita aliimba mpaka jirani yangu muuza viatu akaja kulalamika."

"Na sasa?"

"Sasa ametulia."

"Amejifunza," alisema Bi Subiri kwa heshima.

Muuza ndege akarudisha miwani usoni. Alikuwa mkweli kiasi cha kuona aibu, si kiasi cha kusema. "Mama, kwa anayeanza ningeshauri huyu wa juu. Muone anavyoruka. Macho yake muone, kama shanga."

"Huyo ana fujo."

"Fujo ndiyo ndege, mama."

Lakini Bi Subiri alikuwa ameshakata shauri. Katika miaka yake yote kwenye ubao wa simu, laini iliyokaa kimya ndiyo pekee haikumletea matatizo. Akatoa kwenye mkoba kibunda cha karatasi za ujumbe za hospitali, zile zenye mistari mitatu: ALIYEPIGA, SAA, UJUMBE. Akaandika kila alichoambiwa. Maji yabadilishwe kila asubuhi, kila siku, hata kama yanaonekana safi. Mbegu na ulezi, na kabla ya kuongeza, apulize makapi, kwa maana ndege hula kiini na kuacha ganda, na anayeanza huona bakuli limejaa kumbe limejaa maganda matupu. Jani la mchicha, lioshwe. Mfupa wa ngisi wa kunolea mdomo. Tundu lisikae jikoni penye moshi na mvuke wa mafuta, wala kwenye upepo unaopita kati ya mlango na dirisha. Amwagie maji kidogo kwenye kisahani, aoge mwenyewe. Asimshike bila sababu.

"Na umsemeshe," alimalizia muuza ndege.

Hilo hakuliandika.

Tundu alilitundika ukumbini, karibu na kiti cha mama lakini si juu yake. Siku sita za kwanza zilikuwa za amani tupu. Asubuhi alibadilisha maji, jioni alipuliza makapi, ambayo yalikuwa machache, na kabla ya kulala alijaza karatasi ya ujumbe, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuifunga siku. *Aliyepiga: ndege. Saa: 1 jioni. Ujumbe: hakuna.* Akazibana karatasi kwa klipu na kuzitundika kwenye msumari. Kazini, walipomuuliza habari za nyumbani, alijibu kwamba sasa wapo wawili. Msichana wa zamu ya mchana aliyempokea ubaoni akataka kujua ndege anaimba nyimbo gani.

"Haimbi."

"Anaongea?"

"Haongei."

"Sasa anafanya nini, Bi Subiri?"

"Anakaa."

Msichana akaitikia kwa kichwa, akavaa hedifoni kwa haraka.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Bi Subiri alikuwa ameketi na kikombe cha chai, redio imeshafutwa vumbi, ukumbi umetulia, aliposikia sauti ndogo sana. *Tk.* Akadhani ni bati linalotanuka kwa jua. *Tk.* Akasimama, akaisogelea saa ya ukutani. Saa ilikuwa na mlio wake mwingine. *Tk.* Akalisogelea tundu, akaweka sikio kwenye waya.

Chiriku alikuwa akipumua mdomo wazi kidogo, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi kama mpini wa pampu. Na mwisho wa kila pumzi, ndani kabisa ya kifua kile cha ukubwa wa kifundo cha kidole, kitu kiligonga. *Tk.*

Kikombe kilimponyoka. Hakukiangalia.

Alikuwa ameshaisikia sauti hiyo. Miaka miwili nyuma, Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, laini ya kumi na moja iliwaka, akapokea. "Halo, hospitali." Hakujibiwa. Ilikuwepo pumzi tu, ya polepole, na mwisho wa kila pumzi mgongano mdogo, kama ulimi unaotafuta mahali pa kuanzia. Hospitali ile ilipigiwa na watoto watundu, walevi na watu waliokalia simu zao, na kwa ajili yao ilikuwepo sheria, imebandikwa ukutani ndani ya plastiki: *Asiyesema, mwite mara tatu, hesabu sekunde kumi, kata.* Sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe, mwaka wa tisa wa kazi, na alipewa barua ya pongezi. Akaita mara tatu, akahesabu kumi, akakata. Laini ikawaka tena. Pumzi ile ile. Mara hiyo alikata kwenye sekunde ya saba, kwa kuwa alishajua ni yule yule.

Mchana jirani alimkuta mama amekaa kwenye kiti chake, nusu ya uso imelala, simu mapajani. Simu ya mkononi ya binti yake ingekuwa kabatini, kwa kuwa zamuni simu haziruhusiwi, na mama alilijua hilo. Aliipiga namba kuu, mahali alipojua kwamba lazima mwanawe atapokea. Akafariki siku ya tatu bila kutamka neno. Bi Subiri aliiona simu ile mara moja tu, kitandani hospitalini, alipoangalia namba zilizopigwa. Akairudisha ndani ya mkoba wa mama. Hakumwambia mtu, na mkoba ukachukuliwa na mdogo wake.

Akalifunika tundu kwa kanga nyepesi, akatoka nalo bila kubadilisha viatu vya ndani.

Kituo cha mifugo hufungwa saa sita Jumamosi. Alifika saa tano na nusu, akakaa kwenye benchi kati ya mwanamke mwenye kikapu cha kuku na mwanamume aliyempakata mwanambuzi aliyefungwa bandeji.

"Una nini humo, mama?" aliuliza mwenye mbuzi.

"Chiriku."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Mwenye mbuzi akafikiri. "Anatosha kitoweo kweli?"

"Si wa kuliwa."

"Basi ugonjwa wake ni nini, kama haliwi?"

Daktari wa mifugo alikuwa mtu mnene mwenye mabuti ya mpira, aliyezoea wagonjwa wa kuvutwa kwa kamba. Akajaza fomu bila kuinua uso. Aina ya mfugo: ndege. Idadi: mmoja. Matumizi. Hapo akasita.

"Wa mayai?"

"Wa kukaa naye."

Akaandika *mengineyo*. Kisha akaingiza mkono tunduni, akamtoa chiriku kwa vidole vitatu, taratibu kuliko mtu angetarajia kwa mabuti yale, akamweka sikioni kama anayesikiliza simu. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ulisikiaje hii? Wengi huniletea wakiwa wameshakauka."

"Nafanya kazi ya simu."

Daktari akaona jibu limejitosheleza. "Ni utitiri. Si ule wa mabandani unaokaa kwenye manyoya. Huu umeingia njia ya hewa. Umeanza siku nyingi. Alipokuja kwako alikuwaje?"

"Mpole."

"Hakuwa mpole. Alikuwa hawezi." Alilisema bila ukali, kama anayesoma kipimo. "Ndege akiumwa anaficha, mama. Akionekana mgonjwa porini anakamatwa. Kwa hiyo ukimwona amejikunja kama mpira, manyoya yamesimama, macho yanasinzia na wenzake wanaruka, usimsifu."

"Nilimsifu."

"Watu husifu."

Akachanganya dawa, akaeleza kwamba ni ile ile ya ng'ombe, ila dozi ya ng'ombe mmoja ingetosha kutibu chiriku wa mji mzima, ndiyo maana mtu asijaribu kuipima nyumbani. Akapuliza manyoya ya shingoni na kudondosha tone moja juu ya ngozi. Wiki ijayo arudi kwa tone la pili. Nyumbani amwekee taa ya joto upande mmoja wa tundu, upande wa pili ubaki baridi ili achague mwenyewe, na chakula na maji viwe karibu na kijiti asihangaike kuvifuata.

"Atapona?"

"Kiumbe wa gramu kumi na tano simwambii mtu kwamba atapona. Nasema leo, kesho, keshokutwa. Keshokutwa akiwa hai, tutaongea."

Siku tatu. Bi Subiri akaitikia kwa kichwa.

Alipofika nyumbani alipiga simu kazini kuomba ruhusa. Alipiga namba kuu, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kujua nyingine.

"Halo, hospitali," ilisema sauti ya msichana wa zamu.

"Nitafutie msimamizi."

"Subiri kidogo, nakuunganisha."

Akasubiri. Hakuwahi kukaa upande ule wa maneno yale. Aligundua kwamba hiyo "kidogo" ni ndefu sana, na kwamba mtu akiwa ndani yake hana la kufanya ila kusikia pumzi zake mwenyewe.

"Bi Subiri?" Msimamizi alishtuka, maana kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuomba hata nusu siku, isipokuwa ile wiki ya msiba. "Kuna tatizo?"

"Nina mgonjwa nyumbani. Naomba kesho na Jumatatu."

"Pole sana. Mtu mzima?"

"Mwaka haujafika."

"Maskini. Ni wa nani?"

"Wangu."

Msimamizi akahesabu umri wa Bi Subiri kimoyomoyo, kisha akasema ruhusa imekubaliwa na kwamba atawaeleza wenzake taratibu.

Jumapili Mama Zipu alikuja kama kawaida yake, na maneno yake yalitangulia kuingia: habari za mteja aliyeleta suruali ya mumewe kupunguzwa kiuno kumbe mume ndiye amepunguzwa kazi. Akakuta taa imewaka mchana kweupe, tundu liko juu ya kiti cha mama, na dada yake amepiga magoti sakafuni, sikio kwenye waya.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Anasema nini?"

"Anapumua."

Mama Zipu akaketi. Alitoa kitambaa na sindano, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akashona pindo zima pasipo neno. Bi Subiri alihesabu pumzi na mgongano wake. Sekunde kumi zikapita, zikapita nyingine kumi. Hakuacha kuhesabu, wala hakuondoa sikio.

"Ile simu ya mama," alisema Mama Zipu, macho kwenye pindo. "Ninayo kwenye droo ya vifungo. Naichaji kila mwezi."

"Najua unayo."

"Niliangalia namba. Siku ile ile."

Chiriku akagonga. *Tk.*

"Na hukusema," alisema Bi Subiri. "Wewe."

"Ningesema nini? Nilitafuta la kusema, dada. Mimi. Nikalikosa." Akauma uzi, akaukata. "Nikaona bora niseme mengine yote."

Bi Subiri hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, ukashika kifundo cha mguu wa mdogo wake, ukabaki hapo. Mama Zipu aliuacha ushikwe, akaanza pindo la pili. Alipomaliza alirudi kwenye habari za suruali mahali pale pale alipoziachia, na dada yake akamsikiliza hadi mwisho, ambao ulikuwa mbali.

Jumatatu asubuhi mgongano bado ulikuwepo, ila uliruka pumzi moja, wakati mwingine mbili. Saa nne na dakika ishirini, Bi Subiri akiwa ameitazama saa bila kutaka kuitazama, chiriku alishuka kijiti, akaondoka upande wa taa, akaenda kwenye bakuli na kupasua mbegu. Sauti ya ganda kuvunjika ilikuwa ndogo kuliko ya pini kuanguka. *Aliyepiga: ndege. Saa: 4:20 asubuhi. Ujumbe: amekula.*

Baada ya tone la pili manyoya yalilala mwilini, na ikaonekana kwamba chini ya lile donge la uzi alikuwepo ndege mwembamba mwenye hasira. Alimwaga mbegu. Alioga kwenye kisahani na kulowesha ukuta. Wiki ya sita, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, aliimba, na hakunyamaza hadi saa mbili. Jirani alikuja kuuliza kwa adabu kama kuna kifuniko cha kitu kile. Bi Subiri alimkaribisha chai. Akarudi pia kwa muuza ndege kununua mbegu, akamwambia chiriku ni mzima na ana fujo. Muuza ndege alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akamwongezea mfupa wa ngisi bila kusema ni wa nini.

Kazini mambo yaliendelea kama zamani, isipokuwa siku moja msimamizi alipopita chumba cha simu kuuliza hali ya mtoto. Alikuta pale ukutani ile karatasi ya sheria ndani ya plastiki haipo, na Bi Subiri ameinamia ubao, mkono mmoja umeibana hedifoni sikioni. Laini ya kumi na moja ilikuwa inawaka.

"Nani huyo?"

Bi Subiri akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Hajasema."

"Muda gani?"

"Dakika nne. Ana funguo mfukoni. Nadhani yuko sokoni, anauliza bei ya vitunguu."

"Basi amekalia simu yake. Mkatie."

"Pengine."

"Bi Subiri, sheria ni sekunde kumi. Si uliiandika wewe?"

Yeye alikuwa ameshaondoa kiganja, akisikiliza hatua za mtu asiyemjua, zikitembea, zikisimama, zikitembea tena. Akainua kidole kimoja kuelekea kwa msimamizi.

"Subiri kidogo," alisema.